Programu ya Mazoezi na Lishe Ipimwe kwa Chapati ya Nyumbani

Mtu anayefungua programu ya MyFitnessPal kwa mara ya kwanza na kuandika "chapati" huletewa orodha ndefu ya majibu, na majibu hayo hayaelewani. Ya kwanza inahesabiwa kalori chache kama za ndizi mbivu, ya tatu inakaribia mlo mzima. Hakuna aliyedanganya hapo. Chapati ya India kwa kawaida ni mkate mwembamba wa unga wa atta, unaochomwa juu ya chuma kikavu, mara nyingi bila tone la mafuta. Chapati ya Tanga, Mombasa au Kisumu hupakwa mafuta, hukunjwa, husukumwa tena, kisha hukaangwa kwa mafuta mengine. Programu ya simu haijui anayeuliza yuko upande gani wa bahari.

Uchaguzi wa programu ya kufuatilia mazoezi na lishe unafaa uanzie hapo, kwenye sahani ya mtumiaji mwenyewe. Wengi huanzia kwingine. Wanatazama nyota za Play Store, wanamsikiliza rafiki aliyepungua kilo sita, au wanavutwa na tangazo la Instagram lenye picha ya kitambi kilichoyeyuka. Nyota zinasema kama programu inafunguka bila kukwama. Hazisemi kama inayajua matembele ya nazi.

Hesabu ya chapati yenyewe si ngumu. Kilo moja ya unga wa ngano ina takriban kalori 3,600. Mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti au ya mawese, yana kalori 9 kwa kila gramu, kwa hiyo mililita 200 zinazoishia kwenye donge na kikaangoni ni kama kalori 1,650. Jumla ni 5,250. Zikitoka chapati 16, kila moja ina kalori zipatazo 330. Zikitoka 20 ndogo, ni 260 hivi. Anayekula mbili na chai, huku akiandika zile kavu za kalori 120, tayari ameacha nje kalori 400 kabla hata hajatoka nyumbani. Wiki mbili baadaye analalamika kwamba mizani imegoma.

Programu kubwa za lishe zimegawanyika kwa namna zinavyopata takwimu zao. Kundi la kwanza huwaachia watumiaji waongeze vyakula wenyewe. MyFitnessPal, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2005 na ndugu wawili, Mike na Albert Lee, ndiyo maarufu zaidi katika kundi hilo. Uzuri wake ni wingi: ugali, githeri na mandazi mtu atavikuta, kwa sababu kuna mwenzake aliyetangulia kuviweka. Ubaya wake ni huohuo, kwani aliyetangulia huenda alikadiria kwa macho, na "sahani moja" yake haina gramu. Kundi la pili huchuja. Cronometer ya Kanada hutegemea zaidi majedwali yaliyopimwa, kama yale ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, na mbali na kalori huonyesha madini ya chuma, zinki, kalsiamu, folati na vitamini nyingi ambazo programu nyingine huziweka nyuma ya malipo au haziziweki kabisa.

Kwa jiko la Afrika Mashariki, kundi la pili lina faida, ingawa mwanzoni linakera. Makande hayatakuwepo tayari. Lakini mahindi makavu yapo, maharage yapo, nazi ipo, kitunguu kipo, na vitu hivyo havibadiliki sana kutoka nchi hadi nchi. Kinachobadilika ni mapishi. Anayejenga chakula chake kutoka kwenye viambato na kukihifadhi kama pishi lake mwenyewe anapata takwimu inayoaminika kuliko ile ya mgeni asiyejulikana. Familia nyingi huzungukia vyakula vilevile mwezi mzima, hivyo kazi ya kuingiza mapishi ni ya wiki ya kwanza tu; baada ya hapo kuandika mlo ni kubonyeza mara mbili.

Namna ya kufanya hivyo inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo inayotenganisha programu inayosaidia na pambo la simu. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Sufuria tupu inapimwa kwanza na uzito wake kuandikwa mahali, hata chini ya sufuria yenyewe kwa kalamu isiyofutika. Viambato vinapimwa vibichi na kuingizwa kwenye programu kimoja kimoja: maharage, tui, mafuta, kitunguu, nyanya, chumvi. Chakula kikiiva, sufuria inapimwa tena ikiwa imejaa. Tuseme tupu ilikuwa gramu 640 na sasa ni 2,440. Mboga iliyomo ni gramu 1,800. Pale programu inapouliza pishi hili linatoa sehemu ngapi, mtu aandike 1,800. Kila gramu inakuwa sehemu moja, na mwanafamilia aliyejipakulia gramu 250 anaandika sehemu 250. Maharage yawe mazito au ya mchuzi, hesabu haipotei, kwa sababu maji yaliyoongezeka au kukauka yameshaingia kwenye mizani. Ugali nao ni vivyo hivyo: unga mkavu wa mahindi una kalori zipatazo 360 kwa gramu 100, lakini ugali mgumu na ugali laini havilingani hata kidogo ukivipima kwa ukubwa wa tonge.

Basi kipimo cha kwanza cha programu ni hiki: je, toleo la bure linaruhusu kutengeneza na kuhifadhi mapishi, na kuyagawa kwa gramu? Kama hairuhusu, iondolewe simuni, hata kama ina nyota tano.

Takwimu za vyakula vya kwetu zipo, na ni za bure. Tanzania ilipata majedwali yake ya viinilishe mwaka 2008, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya ilitoa yake mwaka 2018 kwa ushirikiano na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), pamoja na kitabu cha mapishi ya vyakula vya kawaida vilivyokokotolewa tayari. Yote yanapakuliwa mtandaoni. Mtu akikosa dagaa wakavu au mboga fulani ya majani ndani ya programu, anafungua jedwali, ananakili kalori, protini na mafuta kwa gramu 100, na kukihifadhi kama chakula chake. Ajabu ni kwamba watu hulipia usajili wa mwezi ilhali hazina hii imelala bure.

Kuna milo isiyopimika. Katika nyumba nyingi za pwani watu hula pamoja kwenye sinia, na hakuna mwenye akili zake atakayesimamisha wenzake ili apime tonge. Mama ntilie naye akiulizwa ametia vijiko vingapi vya mafuta kwenye mchuzi ataangua kicheko. Katika hali hizo makadirio yanatosha, ila yaegemee upande wa juu: kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori 120 hivi, na mboga ya kununua haikosi kimoja au viwili. Kinachohesabika kwa urahisi kihesabiwe kwa ukamilifu. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke hadi asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima wa kawaida. Soda ya chupa ya mililita 350 peke yake inapita hapo.

Siku hizi programu kadhaa hupiga picha ya sahani na kutoa kalori papo hapo. Ni tamu kutazama. Lakini kamera huona mlima wa wali; haioni tui lililopikiwa, wala mafuta yaliyozama kwenye biriani, wala vijiko vitatu vilivyoyeyuka kwenye chai. Itumike kama ukumbusho wa kilicholiwa, na kiasi kirekebishwe kwa mkono. Kuhusu kuskani msimbopau, MyFitnessPal iliuhamishia kwenye toleo la kulipia mwezi Oktoba 2022, na malalamiko yalikuwa makubwa huko Marekani na Uingereza, ambako chakula kingi hununuliwa kikiwa kwenye pakiti. Anayenunua mboga Kariakoo au Kongowea hana sababu ya kulia. Fungu la mchicha halina msimbo.

Baada ya chakula huja swali la lengo la siku, na hapa programu nyingi hutumia fomula ileile, ya Mifflin na St Jeor iliyochapishwa mwaka 1990. Tuchukue mwanamke wa miaka 35 mwenye kilo 72 na urefu wa sentimita 160. Uzito unazidishwa kwa 10, urefu kwa 6.25, vinajumlishwa, inatolewa miaka mara 5, kisha 161. Jibu ni kalori 1,384, ambazo mwili wake ungetumia akiwa amepumzika siku nzima. Programu inazidisha namba hiyo kulingana na anavyojieleza. Akisema anakaa ofisini, inazidisha kwa 1.2 na kumpa 1,661. Akisema ana shughuli za wastani, inazidisha kwa 1.55 na kumpa 2,145. Tofauti ya kalori 484 kwa siku imetokana na kubonyeza mstari mmoja badala ya mwingine, na binadamu ni hodari wa kujipendelea. Ushauri ni kuchagua kiwango cha chini, kisha kutazama mizani kwa wiki tatu au nne na kurekebisha kwa kilichoonekana. Programu inayompa mtu mzima lengo la chini ya kalori 1,200 bila hata kumuuliza kama ana ugonjwa, au inayoahidi kilo 10 kwa mwezi, haifai kujadiliwa.

Upande wa mazoezi una mtego wake. Programu ikishaunganishwa na saa janja huanza kurudisha kalori: umekimbia, una nafasi ya kula 400 zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivipima vifaa saba vya kuvaa mkononi kwa watu 60 waliojitolea. Sita kati ya vifaa hivyo vilipima mapigo ya moyo kwa kosa lisilozidi asilimia 5, jambo la kusifiwa. Kwenye kalori zilizochomwa, kifaa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na kibaya zaidi kwa asilimia 93. Vifaa vimeboreshwa tangu hapo, ila kalori bado zinakisiwa kwa fomula. Kwa hiyo programu nzuri ni ile inayoruhusu kuzima urudishaji huo wa kalori kwenye mipangilio. Anayeona njaa baada ya mbio ndefu ale. Asile kwa sababu saa imemruhusu.

Lengo la hatua 10,000 nalo lina asili yake. Mwaka 1965 kampuni ya saa ya Yamasa huko Japani ilitoa kipima hatua kilichoitwa Manpo-kei, jina linalobeba hesabu hiyo ya elfu kumi, na namba ikabaki. Haikutoka maabara. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 16,741 wenye wastani wa miaka 72: waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Walikuwa wanawake wazee wa Marekani, si vijana wa Mwanza, lakini somo la kivitendo lipo: mtu wa hatua 3,000 ana sababu ya kufurahia 5,000. Programu isiyoruhusu lengo la hatua kubadilishwa inamsumbua mtumiaji bure.

Kwa watu wengi wa kwetu hatua haziko hata kwenye simu. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet Global Health mwaka 2018, ukilinganisha nchi 168, uliikuta Uganda ikiwa na watu wachache kuliko nchi zote wasiofanya mazoezi ya kutosha, asilimia 5.5, na Kuwait ikiwa na wengi zaidi, asilimia 67. Sababu ya Uganda haikuwa jimu. Ni jembe, ndoo na miguu. Mwanamke aliyelima tangu alfajiri huku simu ikiwa imelala chini ya mto ataambiwa na programu kwamba ametembea hatua 900. Kanga haina mfuko. Programu inayofaa kwa mtu kama huyo ni ile inayokubali kuandika shughuli kwa dakika na kwa mkono: kulima saa mbili, kuchota maji dakika 40. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2020 kinahesabiwa kwa dakika pia, 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Mhasibu wa Posta aliyekaa kitini tangu asubuhi, au Mswahili aliyehamia Muscat au Dubai anakotoka nyumbani hadi ofisini ndani ya kiyoyozi, huyo ndiye anayehitaji kipima hatua kwelikweli.

Na kifaa peke yake hakipunguzi mtu. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilifuatilia watu wazima 471 kwa miaka miwili na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Wote walipewa mpango wa chakula na mazoezi. Baadaye nusu wakapewa kifaa cha kuvaa na nusu wakaendelea kujiandikia wenyewe. Wenye kifaa walipungua wastani wa kilo 3.5. Wasio nacho walipungua 5.9. Matokeo hayo hayasemi kwamba vifaa vina laana, lakini yanatosha kumzuia mtu asikope pesa za saa.

Kwa wanaokimbia, programu ya Strava ndiyo imewakusanya wengi, kuanzia wanariadha wa Iten hadi vikundi vya jogging vya mitaani. Toleo la bure linarekodi njia, umbali na kasi, na hilo linawatosha wengi. Anayeanza kabisa angefaidika zaidi na mpango wa Couch to 5K, ambao Mmarekani Josh Clark aliutunga mwaka 1996 na ambao huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inao kama programu ya bure: wiki tisa, siku tatu kwa wiki, kutembea na kukimbia kwa kupokezana hadi kilomita tano. Mpango wenyewe unaweza kuandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Ramani ya GPS haili bando wakati wa kurekodi, kwani simu husoma satelaiti moja kwa moja, ingawa bila data hukawia kidogo kushika mahali. Bando huliwa baadaye, wakati wa kupandisha rekodi na kutazama ramani.

Lakini ramani hiyo inaonyesha mtu analala wapi. Novemba 2017 Strava ilichapisha ramani ya dunia ya njia za watumiaji wake, na Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, akaonyesha kwamba mbio za askari zilikuwa zimechora kambi za kijeshi zilizofichwa. Oktoba 2024 gazeti la Le Monde la Ufaransa likaeleza jinsi lilivyofuatilia safari za marais kupitia akaunti za walinzi wao wanaokimbia. Dada anayekimbia peke yake saa kumi na moja alfajiri kwa njia ileile kila siku ana la kufikiria zaidi kuliko rais mwenye walinzi. Kabla ya mbio ya kwanza aingie kwenye mipangilio ya faragha, afiche mwanzo na mwisho wa njia, na aweke rekodi zionekane na yeye tu au na wafuasi aliowakubali.

Takwimu za lishe hazina siri ndogo kuliko hizo. Mwaka 2018 MyFitnessPal, wakati huo ikimilikiwa na kampuni ya mavazi ya michezo ya Under Armour, ilitangaza kwamba wavamizi wamechukua taarifa za akaunti zipatazo milioni 150: majina ya watumiaji, barua pepe na nywila zilizofichwa kwa msimbo. Januari 2021 Flo, programu ya kufuatilia hedhi, ilifikia makubaliano na Tume ya Biashara ya Marekani baada ya kudaiwa kupeleka taarifa za afya za wanawake kwa makampuni kama Facebook na Google licha ya ahadi ya kuzitunza. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Ya Tanzania ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na zote mbili zinazipa taarifa za afya hadhi ya taarifa nyeti. Sheria hizo zinasaidia, lakini kinga ya karibu ni ya mtumiaji: nywila isiyotumika kwenye benki wala barua pepe, na kukataa ruhusa isiyohusika. Programu ya kuhesabu kalori ina kazi gani na orodha ya majina kwenye simu?

Programu pia hufa. Endomondo ya Denmark ilikuwa maarufu kwa wakimbiaji wengi, Under Armour ikainunua mwaka 2015, na mwisho wa 2020 ikafungwa. Waliopakua rekodi zao walihamia kwingine. Wengine miaka yao ya mbio ilipotea. Google nayo imeshawatangazia watengenezaji kwamba mfumo wa Google Fit unaachwa na nafasi yake inachukuliwa na Health Connect, ambayo kwenye simu za Android 14 na kuendelea imo ndani ya simu. Kwa hiyo kipimo cha pili, chepesi lakini kinachosahauliwa, ni kutafuta siku ya kwanza kitufe cha kupakua data na kuhakikisha programu inaongea na Health Connect, au na Afya ya Apple kwa mwenye iPhone.

Simu zenyewe nazo zina visa. Simu nyingi za bei nafuu huua programu zinazofanya kazi nyuma ya skrini ili kuokoa chaji, na mtu hukuta mbio ya kilomita nane imekatika kwenye kilomita ya pili. Dawa iko kwenye mipangilio ya betri: programu ile iruhusiwe kufanya kazi bila kikomo.

Mwezi wa Ramadhani unazichanganya nyingi. Programu hugeuza siku saa sita usiku, kwa hiyo anayekula baada ya tarawehe hadi usiku mkubwa anajikuta mlo mmoja umegawanywa siku mbili, na mchana kutwa simu inalia kumkumbusha chakula cha mchana. Heri kuzima vikumbusho, kubadilisha majina ya milo kuwa futari na daku pale programu inaporuhusu, na kutazama wastani wa wiki badala ya siku moja moja. Maji ndiyo ya kufuatilia zaidi kati ya futari na daku.

Kuhusu pesa, mwezi wa kwanza usilipiwe kitu. Majaribio ya bure ya siku saba au 14 mara nyingi hujigeuza kuwa usajili wa mwaka, na kuondoa programu kwenye simu hakusitishi malipo. Programu ya kupunguza uzito ya Noom, ya Marekani, baada ya kushtakiwa na wateja kuhusu usajili unaojirudia, ilikubali mwaka 2022 kumaliza kesi kwa dola milioni 62. Nchini Kenya kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza Juni 2022, imerahisisha kulipia huduma za nje, na kwa urahisi huohuo imerahisisha kusahau unachokatwa. Anayetaka kujaribu toleo la kulipia asitishe usajili siku ileile aliyouanza. Kwenye Play Store muda wa majaribio kwa kawaida huendelea hadi mwisho wake.

Wapo ambao programu hizi haziwafai kabisa. Mwaka 2017 utafiti wa watu 105 waliogunduliwa kuwa na matatizo ya ulaji nchini Marekani ulikuta takriban robo tatu walikuwa wametumia MyFitnessPal, na kati yao asilimia 73 waliona ilichangia tatizo lao. Binti wa shule anayeanza kukataa chakula cha jioni kwa sababu namba imegeuka nyekundu hahitaji programu bora zaidi; anahitaji mtu mzima wa kuzungumza naye na, ikibidi, daktari. Mjamzito na anayenyonyesha wasifuate lengo la kupungua lililotolewa na simu. Mwenye kisukari anaweza kunufaika na programu mahususi kama mySugr, inayomilikiwa na kampuni ya dawa ya Roche, kwa kuandika sukari na milo yake na kumwonyesha daktari kliniki, lakini kipimo cha insulini kisibadilishwe kwa ushauri wa simu.

Kwa wengine wote, hukumu ni hii. Anayetaka kujua anachokula aanze na Cronometer ya bure, aingize mapishi kumi ya nyumbani kwake na kuyatumia wiki mbili kabla ya kuamua. Ambaye hana subira ya mizani atumie MyFitnessPal ya bure, lakini akatae takwimu yoyote isiyo na gramu. Anayetaka kutembea zaidi atumie kipima hatua kilichokuja na simu. Anayekimbia na wenzake ajiunge na Strava baada ya kuweka faragha sawa. Na siku mtu atakapoamua kuachana na programu yoyote kati ya hizi, afuate mpangilio huu bila kuruka: apakue data yake, asitishe usajili kwenye Play Store au App Store, afute akaunti ndani ya programu, na mwisho kabisa ndipo aiondoe kwenye simu. Akianza na hatua ya mwisho, taarifa zake zitabaki kwenye seva za kampuni, na kama alikuwa akilipia, ataendelea kukatwa.